Kodi ya Miezi Saba

Renato hakuwa na pesa, alikuwa na gari.
Miezi saba kalala chumba changu cha juu, Kikwajuni,
akila mkate wa kumimina na kuahidi hundi kutoka Torino,
hata siku ya safari akanitia ufunguo kiganjani
kama mtu anayekabidhi mtoto mwenye homa:
"Usimpigie kelele asubuhi. Hapendi."
"Gari halipendi," nikamsahihisha. "Gari si mtu."
Miaka ishirini nikisomesha sarufi, ningenyamazaje?

Alfa. Nyekundu ya pilipili, milango miwili,
paa la turubai lenye kiraka cha kanga.
Nikakunja buibui, nikaketi chini, chini kabisa,
shibiri moja juu ya lami.
Barazani wakacheka: "Bi Thuwaiba kalipwa kodi kwa punda!"
Punda angalau hula majani.
Hili lilikula plagi. Lilikula mshahara.
Lilikunywa oili likaitema uani,
na doa lake lipo hadi leo chini ya mkomamanga.
Masika halikutoka, unyevu ukilibana kifua.
Kiangazi rejeta ilitokota kama sufuria la hitima.
Taa ya kushoto ilipokufa
nilisema ni kengeza tu, si chongo.

Fundi Vuai Mcha, wa Saateni,
aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni,
akafumba macho kama anayesikiliza umbea.
"Kabureta mbili hizi ni wake wenza," akasema.
"Ukimzidishia mmoja tone, mwengine anasusa."
Yeye mwenyewe wake wawili walimshinda, mtaa mzima wajua;
lakini chini ya boneti ile alikuwa kadhi.

Siku ya harusi ya Raya likazima Mtoni.
Mvua ya ghafla, paa halifungiki,
hina mikononi, wanja mashavuni.
Nikamwambia: kamata usukani, mwanangu, tia gia ya pili,
nikisema achia, uachie klachi.
Tukasukuma: mie, somo yake Bi Kazija,
na muuza urojo aliyeliacha sufuria lake njiani.
"Achia!"
Likakohoa, likapiga risasi mbili, likaondoka,
likaondoka naye, somo kabaki na kiatu kimoja matopeni,
na Raya hajapata kufundishwa breki.
Tulimkuta Bububu, mlango wa ukumbi,
kaliegemeza kwenye ua wa mchongoma,
anacheka hata kope za bandia zimembanduka.
"Mama," akasema, "alikuwa hataki kusimama."
Alikuwa. Hataki.
Sikumsahihisha.

Na usiku mmoja, mmoja tu nauhesabu,
nimetoka kusimamia mitihani Mahonda,
barabara tupu, gia ya nne,
wake wenza wote wawili wameridhika,
sauti ikapanda kutoka nyayo hadi kwenye meno,
nikasahau kuwa mjane,
nikasahau madaftari arubaini kiti cha pili.
Nikafika kwangu, nikapita.
Nikapita makusudi.
Chukwani ndiko nilikogeuza.

Chumvi ndiyo iliyommaliza. Sakafu ikatoboka
nikawa naiona lami ikikimbia baina ya viatu vyangu.
Vuai akapiga magoti, akachungulia, akanyanyuka na mitambo yake.
"Bi Thuwaiba, pa kuchomelea hapana tena.
Nitachomelea hewa?"

Sasa Raya kaninunulia Vitz.
Linawaka. Asubuhi linawaka, masika linawaka.
Halina neno, watu husema.
Ndiyo hilo. Halina neno.

Renato, kama u hai:
kodi ilishalipwa, ya miezi saba na zaidi.
Nina chenji yako. Sijui niipeleke wapi.